Nilipanda basi la usiku kwenda kuona gereza

Mimi ni mtu wa Eastlands, na hadi mwezi jana Fort Jesus, ngome kongwe ya Mombasa, nilikuwa naijua kwa vitabu vya shule tu. Nikapanda basi la usiku River Road, magoti yamebanwa na kiti cha mbele, kiyoyozi kikakata roho Mtito Andei, na saa moja asubuhi nikawa Mombasa.

Kosa langu: nje ya lango nilimfuata kijana aliyejiita mwongozaji kabla hatujapatana bei. Dakika 10 tu, akanidai hela inayokaribia nauli yangu ya kurudi Nairobi. Baada ya hapo nikampata mzee mmoja wa Mji wa Kale. Naye tulipatana kwanza.

“Ami, mbona kuta zina pembe nyingi hivi?”

“Mwanangu, ukiitazama ngome kutoka juu ni mtu amelala chali, kichwa kimeelekea baharini.”

Aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na Wareno wakaanza kuijenga mwaka 1593. Pembe zile si urembo. Askari aliye kwenye pembe moja anaona ukuta wa pembe ya pili, kwa hiyo adui hapati pa kujibanza. Pitisha kiganja ukutani: yanakukwaruza matumbawe, yana vijitundu kama mkate wa mofa.

Waomani waliizingira ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Njaa na maradhi viliua wengi kuliko mizinga. Kwenye jumba la makumbusho kuna vitu vilivyoopolewa kutoka San Antonio de Tanna, merikebu ya Wareno iliyozama hapo mbele mwaka 1697. Usipite mbio hapo.

Kilichonikamata zaidi ni misingi ya kanisa, mawe machache tu uwanjani. Ami akaniambia kanisa kwa Kireno ni igreja, na ndiko lilikotoka neno letu gereza. Nikacheka, maana kwetu Nairobi ukisema gereza mtu anafikiria Kamiti. Hakucheka. Akanikumbusha kwamba Waingereza waliigeuza ngome hii gereza kweli, tangu 1895 hadi 1958. Wazee waliofungwa humo walikuwa wanalala hatua chache kutoka kwenye mawe hayo.

Tena kuna plasta iliyochorwa na Wareno kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu, makanisa, watu. Mistari ya mtu asiye na haraka, wala asiyejua kuchora sana. Mlingoti mmoja umepinda. Niliganda hapo mpaka ami akaenda kukaa kivulini.

Nendeni asubuhi, jua la saa sita halina huruma, na vaeni viatu visivyoteleza. Mkitoka, nyweni dafu.

Nyota 4 kati ya 5. Ngome haina kosa, ila yule kijana wa langoni ameila moja.