Praima ya Kupuliza kwa Modeli Ndogo: Tazama Chenga Kabla ya Bei

Kwa muda sasa wasomaji wanaopaka rangi modeli ndogo hapa Dar es Salaam wamekuwa wakiniletea lalamiko moja kwa maneno tofauti. Mmoja anasema rangi zake zinaacha mabaka, mwingine anasema uso wa askari wake umepoteza macho, na mwingine anashangaa kwa nini bawa la ndege aliyoiunganisha kwa uangalifu linakwaruza kidole. Nikiwaomba picha zilizopigwa mwanga ukitokea ubavuni, chanzo huwa ni kile kile: praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi nyingine, imetua juu ya plastiki ikiwa imekwisha kukauka njiani, na kila tone limebaki kuwa punje. Punje hizo naziita chenga, na mwongozo huu unapima makopo kwa kigezo hicho karibu peke yake. Sitakawia kwenye uwezo wa kushika, kufunika wala muda wa kukauka, kwa sababu karibu kila praima inayotengenezwa kwa ajili ya modeli hufanya hayo vya kutosha.

Ndani ya kopo kuna rangi, tina iliyoiyeyusha, na gesi inayoisukuma nje. Ukibonyeza, rangi hutoka ikiwa matone madogo mno, na tina huanza kutoweka hewani kabla matone hayajafika yanakokwenda. Ikiwa kopo liko mbali, upepo unavuma au hewa ina joto, tone hufika likiwa halina tena unyevu wa kulitandaza, nalo hukaa pale lilipoangukia. Kwenye mlango wa gari punje hiyo haionekani, na hata ikionekana fundi ataipitisha msasa, lakini sanamu ya kipimo cha milimita 28 ina jicho lisilofika milimita moja, wala hakuna msasa utakaoingia kwenye mikunjo ya joho lake. Madhara huongezeka zaidi kwa watumiaji wa rangi nyepesi zinazotiririka kwenye mabonde, kama zile za Contrast ambazo chapa ya Citadel ilizitoa mwaka 2019, kwa kuwa rangi hizo hukwama kwenye kila punje na kuacha madoa mahali palipotakiwa kuwa laini.

Jiji letu lina tatizo jingine ambalo watu hulichanganya na hili. Tuko kando ya Bahari ya Hindi na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Tina inapotoweka huondoka na joto, uso wa modeli hupoa ghafla, unyevu wa hewani hutua juu ya rangi mbichi, na rangi hukauka ikiwa na weupe kama ukungu. Weupe huo hutisha, lakini ukipitisha kidole utakuta uso ni laini, na mara nyingi tabaka jembamba lililopulizwa siku yenye hewa kavu huuondoa. Chenga haziondoki hivyo. Tabaka jingine huzifunika na kuzikuza. Kwa hiyo, nikilazimika kuchagua kati ya praima yenye mwelekeo wa kupata ukungu na praima yenye mwelekeo wa kutoa chenga, nachagua ile ya ukungu, na msimamo huo ndio uliopanga orodha yangu.

Ninayoipenda kuliko zote ni Fine Surface Primer ya Tamiya, kampuni ya Shizuoka nchini Japani, na sioni haja ya kuficha upendeleo huo. Rangi yake imesagwa laini sana, na tundu lake hutoa mpulizo mwembamba na mpole ambao unaweza kuuelekeza chini ya kidevu cha sanamu bila kuizamisha sanamu nzima. Tabaka jembamba linatosha, na mistari ya paneli kwenye ndege ya kipimo cha 1/72, yaani iliyo ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, inabaki wazi. Inashika plastiki na metali, na inapatikana kwa kijivu hafifu, nyeupe, waridi na nyekundu ya kutu. Waridi ni msaada mkubwa chini ya nyekundu na njano. Ina tina kali, kwa hiyo usiipulize hadi plastiki ilowe, na usiitumie chumbani bila barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali, kwa maana barakoa ya kitambaa haizuii chochote hapa. Jambo la kuangalia sana dukani ni neno Fine. Tamiya inatengeneza pia Surface Primer ya kawaida, ambayo imekusudiwa kuziba mikwaruzo na hivyo ni nzito zaidi, na makopo hayo mawili yanafanana kiasi kwamba muuzaji asiyejali atakupa lolote lililo karibu na mkono wake.

Inayofuata ni Mr. Surfacer 1500 ya GSI Creos, nayo ya Japani. Namba yake inakwenda kama namba za msasa: inavyopanda ndivyo praima inavyokuwa laini, na hivyo 500 na 1000 ni za kuziba mikwaruzo, ilhali 1500 ndiyo ya kupaka mwisho. Kwa chenga inalingana na Tamiya, na nyeusi yake ni bora kuliko nyeusi yoyote niliyoitumia. Naiweka ya pili kwa sababu mpulizo wake ni mpana zaidi kidogo, jambo lenye maana kwa anayepaka sanamu moja moja.

Nafasi ya tatu nawapa Vallejo wa Uhispania kwa praima yao ya chupa, ingawa si ya kopo. Hii ni ya maji, hupulizwa kwa bunduki ndogo ya hewa yenye kompresa au hupakwa kwa brashi, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo inayoniwezesha kuendelea na kazi huku makopo yakisubiri kabatini. Iache saa 24 ikomae kabla ya kuishika sana, na usiipige msasa, kwa sababu hubanduka kama ngozi badala ya kusagika.

Chaos Black ya Citadel, kutoka Uingereza, huja kwenye kopo kubwa la mililita 400 na inamfaa mwenye jeshi zima la kupaka. Gesi yake inasukuma kwa nguvu, kwa hiyo kaa sentimita 20 hadi 25, anza kubonyeza kabla ya kuifikia modeli, na achia baada ya kuipita. Nyeusi hiyo nimeizoea na naiamini. Nyeupe yao, Corax White, siipendekezi kwa hali ya hewa yetu, na kusema kweli nyeupe za kampuni karibu zote hutoa chenga kuliko rangi nyingine, nunua kijivu. The Army Painter ya Denmark ina sifa moja nzuri, nayo ni makopo ya rangi yanayolingana na rangi zao za chupa, lakini upepo wa kusi unapovuma, yaani Juni hadi Septemba, sijaona praima inayogeuka unga upesi kama hiyo, hata nikipulizia ndani ya boksi.

Makopo ya praima ya magari yanayouzwa Kariakoo na Gerezani ni ya bei nafuu, na ni mazuri kwa gari. Mengi yana tina inayoweza kulainisha polistirini, yaani plastiki ya modeli zetu, na matundu yake yametengenezwa kwa ajili ya bampa.

Kuhusu bei, najua kwa nini kopo hufika kwetu likiwa ghali. Rangi ya kupuliza huhesabiwa kuwa bidhaa hatarishi, haipokelewi kama kifurushi cha kawaida cha posta au ndege, na mara nyingi husubiri meli. Gharama hiyo naikubali. Nisichokikubali ni muuzaji anayetoza bei ya kopo jipya kwa kopo lililokaa barazani juani kwa miezi, ilhali maandishi ya kopo lenyewe yanakataza joto la zaidi ya nyuzi 50, kisha anakataa lisitikiswe mbele yake kana kwamba mnunuzi anamtukana. Niliwahi kuuziwa kopo lenye kofia ya kampuni nyingine, na niliporudi nalo niliambiwa kwamba mali ikishatoka dukani hairudi. Watu wanaotoa fedha nyingi namna hii kwa kopo la mililita 180 wanastahili kuheshimiwa.

Kwa hiyo usione haya kulikagua kopo. Litikise usikie kama gololi iliyo ndani inatembea. Ikiwa kimya, rangi imeganda chini. Angalia ukingo wa juu kama una kutu, na tundu kama lina rangi, kwa sababu tundu lenye rangi limekwisha kutumika, na mabaki yaliyogandia hapo huvunja mpulizo kuwa matone yasiyolingana. Ukifika nyumbani, litikise kwa dakika mbili na upulizie kwanza mgongo wa kijiko cheusi cha plastiki, majira ya saa nne asubuhi kabla upepo wa baharini haujashika kasi. Kikikauka, kigeuze kwenye mwanga na upitishe ukucha. Kama hausikii mkwaruzo, endelea na modeli, na kila unapomaliza pindua kopo juu chini na ubonyeze mpaka itoke gesi tupu. Ukisikia mkwaruzo, uwe umepuliza kwa karibu au kwa mbali, lirudishe siku hiyo hiyo pamoja na kijiko chenyewe, kwa kuwa hicho ni ushahidi ambao muuzaji anaweza kuugusa kwa mkono wake.