Glock 17 ya mtumba: kuifungua, kuisafisha, na nilichokikuta ndani yake

Watazamaji wangu, karibuni. Iliyoko mezani leo ni Glock 17 ya toleo la tatu, bastola ya mtumba niliyoinunua hapa Texas katika duka lenye leseni, baada ya kujaza fomu namba 4473, fomu ya serikali kuu ya Marekani ya kununua silaha, na kusubiri jina langu likaguliwe. Muuzaji alinieleza kuwa ilikuwa ya askari polisi, na mwili wake unaafiki maelezo hayo, kwa sababu rangi nyeusi imechubuka kwenye pua ya slaidi (chuma cha juu kinachosogea mbele na nyuma), mahali panaposuguliwa na mkoba kila silaha inapochomolewa, ilhali mtutu wake kwa ndani bado unang'aa. Hiyo ni dalili ya bastola iliyobebwa miaka mingi na kufyatuliwa mara chache. Kwa mnunuzi wa mtumba, sura hiyo ya nje haina ubaya wowote. Ninachokihofia mimi ni kile kisichoonekana mpaka silaha ifunguliwe.

Tuanze na usalama, nami sitaupita haraka. Risasi zote nimeziacha chumba kingine, na mdomo wa mtutu nimeuelekeza kwenye ndoo iliyojaa mchanga. Kidole kikiwa mbali na kifyatulio, ninachomoa magazini kwanza, kisha ninavuta slaidi nyuma na kuifunga ikiwa wazi. Ukigeuza mpangilio huo, ukakoki kwanza na kuchomoa magazini baadaye, risasi moja itakuwa imekwishaingia chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi ya kufyatuliwa, na magazini iliyo mkononi mwako itakudanganya kuwa silaha imebaki tupu. Kwa hiyo ninaitazama chemba chini ya taa, halafu ninaingiza kidole kidogo ndani yake, maana jicho lililochoka huona kile linachotaka kukiona.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu Glock haifunguki mpaka kifyatulio kivutwe. Wapo wanaoisifu bastola hii, iliyoingia katika jeshi la Austria mwaka 1982, kuwa haina mbambamba, na ni kweli. Lakini kumlazimisha mtu avute kifyatulio ili asafishe silaha ni kasoro ya muundo, na ningeisema hivyo hata kama ningekuwa shabiki wake mkubwa. Basi ninaiachia slaidi irudi mbele, ninavuta kifyatulio mara moja kuelekea kwenye mchanga, kisha ninaishika slaidi kwa vidole vinne kwa juu na kuirudisha nyuma kiasi cha milimita tatu tu. Hapo ninavishusha chini vijino viwili vya kufungia vilivyo pande zote mbili za fremu, sehemu ya chini yenye mpini, na slaidi inateleza mbele na kutoka. Ukiirudisha nyuma kupita kiasi, kifyatulio hujikoki upya na itakubidi uanze tena. Vaeni miwani pia, kwa kuwa springi iliyo chini ya mtutu imebanwa kwa nguvu. Ya kwanza niliyoitoa bila uangalifu ilinipita sikioni na kuishia nyuma ya jokofu. Ikishatoka springi, mtutu nao unanyanyuka, na kazi ya kufungua imekwisha bila bisibisi.

Sasa sogeeni karibu na kamera. Mmiliki wa awali aliipenda bastola yake kwa mafuta. Uso wa slaidi unaogusana na kitako cha ganda la risasi una utando mweusi, mchanganyiko wa masizi ya baruti na mafuta mazee, na chini ya ukucha unaong'oa maganda pamejaa tope gumu lililochanganyika na nyuzinyuzi za nguo. Mafuta hayo yakipenya mpaka kwenye mfereji wa pini ya kufyatulia, hukamata vumbi, yakaganda, na pini ikapoteza kasi. Ndiyo maana ninaposugua hapa kwa mswaki wa nailoni wenye dawa ya kusafishia, ninaielekeza pua ya slaidi chini ili dawa idondoke nje badala ya kuingia kwenye tundu la pini.

Mtutu ninausafisha kuanzia upande wa chemba kuelekea mdomoni: kitambaa chenye dawa, dakika chache za kusubiri, brashi, kisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke safi. Ndani yake kuna pembe sita zilizolainishwa badala ya mifuo (mifereji inayoizungusha risasi) yenye kona kali, hivyo uchafu haukung'ang'ania. Vitambaa vitano vilitosha. Nimevaa glavu na dirisha liko wazi, kwa kuwa masizi hayo yana madini ya risasi, yale yale yaliyoipa risasi jina lake, nayo ni sumu kwa watoto hasa. Meza ya chakula haifai kabisa kwa kazi hii.

Mafuta yanahitajika kidogo sana. Ninapaka utando mwembamba juu ya mtutu, ninadondosha tone moja katika kila mfereji wa slaidi, na tone jingine kwenye kona ya nyuma kulia ya fremu, ambako chuma cha kifyatulio kinakutana na kibati kidogo kinachokishusha. Kona hiyo ndogo ndiyo iliyosahauliwa, ikawa kavu kabisa katika bastola iliyolowa kwingine kote. Magazini sipaki chochote, kwa kuwa mafuta huweza kuharibu risasi zilizomo.

Nimekwishaiunga tena, na chemba nimeikagua upya. Jaribio la mwisho ni la springi: ninaielekeza bastola tupu juu kwa mshazari wa nyuzi 45, ninavuta kifyatulio na kukishikilia, ninavuta slaidi mpaka mwisho, kisha ninairudisha polepole kwa mkono. Springi nzima huifunga slaidi yenyewe. Hii, kama mnavyoona, imekwama milimita chache kabla ya kufunga, na nimerudia mara tatu kwa matokeo yale yale. Springi mpya nimeagiza. Mpaka ifike, bastola hii itabaki ndani ya sefu.