Mama alikaa benchi masaa nane, kompyuta ikasema dakika 38

Naandika hii bado nina hasira, nimejaribu kutulia imeshindikana. Ni hospitali ya serikali hapa Tanzania, kubwa, ile ambayo zahanati na kituo cha afya wakishindwa ndio wanakuandikia rufaa uende. Jina silitaji kwa sababu mama bado anatibiwa pale na sitaki mtu amuangalie vibaya kwa ajili yangu.

Mama ana miaka 71. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, la kulia limeshafunga kabisa, la kushoto anaona kama mtu anayechungulia kwenye moshi. Tulitoka nyumbani alfajiri na basi la kwanza, kadi yake na barua ya rufaa amezifunga kwenye pindo la khanga pamoja na nauli ya kurudi, tukafika getini saa 1 na dakika 20 asubuhi. Nakumbuka vizuri kwa sababu niliangalia simu nikamwambia mama tumewahi, leo tutarudi mapema.

Mlinzi akatupa kikaratasi cha namba kimekatwa kwenye daftari la shule. Tukaenda Dirisha la Wazee, maana lipo, limeandikwa kwa herufi kubwa kabisa, na mama ni mzee wa msamaha, Sera ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mtu wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Dirishani hakuna mtu. Baadaye akaja dada mmoja akasema mfumo uko chini subirini, tukasubiri. Mfumo ukarudi, akasema sasa nendeni kwanza Ustawi wa Jamii mkagongewe muhuri wa msamaha, huko nako foleni, afisa ni mmoja na ameenda wodini. Mpaka tunarudi dirishani na ule muhuri, faili likafunguliwa, ilikuwa saa 5 na dakika 52. Hiyo saa sikuiangalia mimi, niliambiwa baadaye, na ndiyo iliyonitoa machozi, nitafika huko.

Saa 6 na nusu akaitwa. Nikajua tumemaliza. Kumbe anaitwa na nesi kuwekewa matone ya kupanua mboni, ili daktari aweze kuangalia ndani ya jicho. Waliowahi kuwekewa wanajua, ukishatiwa yale matone vitu vya karibu unaviona ukungu ukungu na mwanga unachoma kama pilipili, na hiyo hali inakaa masaa. Mama akarudi benchi ameshika mkono wangu, akajifunika khanga usoni kwa sababu pale tulipokaa jua linapiga moja kwa moja. Kila mlango ukifunguliwa anauliza, "Ni mimi?" Namwambia bado mama.

Kwenye saa 8 hivi nikaenda dirishani. Nimeenda kwa adabu, naapa, nikamwambia dada samahani, mama yangu alishawekewa dawa ya macho, ni mtu mzima, amekaa na njaa, naomba kujua tuko wangapi mbele. Hakuinua kichwa. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kule kwenye mabenchi, "Nyie wazee mna haraka ya kwenda wapi?"

Mama alisikia, na wazee wengine kama kumi na tano walisikia. Kuna babu mmoja wa fimbo alikuwa anaongea na jirani yake, akanyamaza hapo hapo. Unamwambia mtu wa miaka 71 una haraka ya kwenda wapi, jamani, mtu aliyezaa, aliyelea, aliyelima mpaka mgongo ukapinda, pengine amekulea hata wewe uliyekaa kwenye hicho kiti. Mama hakusema kitu, alivuta tu khanga ikashuka zaidi.

Saa 9 na robo akatoka kijana mmoja akatangaza daktari ameingia tieta, chumba cha upasuaji, kuna dharura, wa macho wote warudi Alhamisi. Basi. Mwanamke wa watu nikamuongoza mpaka stendi kwenye jua la saa tisa na mboni zimepanuliwa bure, anajikwaa kila hatua, na kwenye basi akaniambia kwa upole, "Mwanangu usinirudishe tena kule, hili jicho limeniongoza miaka sabini, linatosha." Nilikuwa nimeshaandika kichwani kwamba hii hospitali ni sifuri, isifungue hata milango.

Ila nisiseme uongo. Alhamisi nilimbembeleza tukarudi. Na siku hiyo tukakutana na nesi mwingine kabisa, msichana mdogo tu, sijui ni wa mafunzo au ameajiriwa juzi. Sisi tumefika tu mlango wa kliniki, akachukua kadi ya mama, akaangalia saa ya ukutani, akaandika kwa kalamu ya kawaida kwenye kona ya juu: 1:35. Akafanya hivyo kwa kila mgonjwa. Kisha akazipanga zile kadi kwa saa walizofika, akampelekea daktari. Nikamuuliza nani amekuagiza, akasema hakuna, "mimi napenda tu kujua nani amekaa sana." Saa 3 mama alikuwa ndani.

Na daktari aisee! Sijawahi kuona. Alimsalimia mama shikamoo, akamshika mkono, akamweleza kwamba lenzi ya jicho imekuwa kama kioo cha dirisha kilichopakwa chokaa, wataitoa waweke nyingine, operesheni yenyewe haichukui muda na mara nyingi mtu analala nyumbani kwake siku ile ile. Mama akamuuliza nitawaona wajukuu? Daktari akasema mambo yakienda vizuri utawaona, lakini acha nilikague kwanza jicho lenyewe nyuma. Hakumdanganya. Huyo daktari na yule nesi nawapa tano kwa tano, na kwa muda pale nikasema nimesamehe yote.

Sijasamehe. Tena nilivyotoka hasira ilipanda kuliko siku ya kwanza, kwa sababu sasa nilikuwa nimeona kwamba inawezekana, na kilichotakiwa ni kalamu.

Nikaenda ofisi ya katibu wa afya wa hospitali, yule anayesimamia utawala. Pale ukutani, kwenye fremu ya kioo, kuna Mkataba wa Huduma kwa Mteja, umeandikwa mgonjwa wa nje atahudumiwa ndani ya saa moja. Chini yake sanduku la maoni, kufuli limeshika kutu na tundu la kutumbukizia karatasi lina utando wa buibui. Katibu ni mtu mpole, alinikaribisha kiti, akanisikiliza. Akasema ngoja tuangalie kwenye mfumo. Akaandika jina la mama, akanigeuzia kioo cha kompyuta nione mwenyewe: kusajiliwa saa 5:52, kuhudumiwa saa 6:30. "Unaona, dakika 38. Tuko ndani ya mkataba."

Nilikosa pumzi. Nikamwambia mzee, tulifika saa 1 na dakika 20, yako wapi hayo masaa manne na nusu? Akasema mfumo unaanza kuhesabu mgonjwa akisajiliwa. Na hiyo saa 6:30 si alitiwa matone tu, daktari hakumuona kabisa siku hiyo! Akasema kutiwa matone ni huduma.

Mimi si mtaalamu wa haya mambo, lakini hapa ndipo naomba watu wanielewe. Yule dada wa dirishani ana mdomo mbaya na nilitaka afukuzwe, nilisema hivyo kwa kila mtu. Sasa hivi sina uhakika. Labda naye yuko peke yake dirisha moja toka asubuhi. Kinachoniumiza zaidi ni hizo dakika 38, maana ndizo zitakazopanda kwa mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali, mkoani, wizarani, mpaka mbunge akisimama kuuliza wagonjwa wanasubiri muda gani atajibiwa kwa namba za namna hiyo, na atakayejibu atakuwa hajadanganya, amesoma kilichoandikwa. Wazee wa msamaha ndio wanaumia zaidi, kwa sababu wao faili halifunguliwi mpaka muhuri wa Ustawi upatikane, kwa hiyo muda wanaosota ndio muda usioandikwa popote. Katiba yetu ibara ya 8 inasema Serikali itawajibika kwa wananchi. Itawajibika vipi kwa masaa ambayo kwenye vitabu vyake hayapo?

Katibu aliniambia malalamiko niandike kwenye karatasi nitumbukize kwenye lile sanduku. Nikakataa. Nimeandika barua ya kuomba taarifa, maana kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 na inawapa siku 30 kujibu. Nimeuliza mambo mawili tu. La kwanza, muda wa kusubiri unahesabiwa kuanzia wapi na nani aliamua uanzie hapo. La pili, ni wagonjwa wangapi wa macho waliwekewa matone wakarudishwa nyumbani bila kuonwa na daktari. Nimeongeza na ombi, wamuangalie yule nesi anavyoandika saa kwenye kona ya kadi, wafanye hivyo kuanzia getini, mlinzi si tayari anagawa vikaratasi, aandike na saa.

Kama mtanipa ushauri wa kwenda hospitali binafsi, sina hiyo pesa, na hata ningekuwa nayo, yule babu wa fimbo hana. Nendeni pale, madaktari wapo na wanajua kazi. Ila piga picha simu yako ikionyesha saa uliyofika, kabla hujamuona mtu yeyote.

Barua niliipeleka mwenyewe masijala, ofisi ya hospitali inayopokea barua. Dada wa pale akaipokea, akaigonga muhuri wa KUPOKELEWA wenye tarehe, halafu pembeni akaandika kwa kalamu saa 2:15, bila mimi kumuomba, akanirudishia nakala. Nimekaa nayo mkononi njia nzima kwenye daladala nikiiangalia ile saa. Nyumbani nikamsomea mama. Akaniuliza, "Hiyo barua walijua imefika saa ngapi?" Nikamwambia ndiyo mama, wameandika.