Uzoefu wangu wa kukagua weldi za mabomba kwa ultrasoniki

Nimekagua weldi za mabomba ya chuma cha kaboni kwa vifaa viwili vya ultrasoniki, yaani mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio: kwanza kile cha kawaida chenye probu (kichwa kinachotuma na kupokea sauti) ya pembe moja, kisha kile cha probu ya elementi 32, yaani vipande vidogo 32 vinavyotuma sauti, ambacho hupitisha mawimbi kuanzia digrii 40 hadi 70 bila mkaguzi kubadilisha probu. Kabla ya hapo nilikuwa nikitegemea filamu, yaani picha za miale ya gama. Kilichonivuta zaidi huku ni jambo ambalo filamu haikunipa, nalo ni kujua kasoro iko kina gani ndani ya ukuta wa bomba.

Filamu huonyesha kasoro imekaa wapi kwenye mzunguko wa bomba na ina urefu gani, lakini haisemi wazi kama iko karibu na uso au karibu na mzizi, yaani sehemu ya weldi iliyo upande wa ndani wa bomba. Fundi anayetakiwa kurekebisha weldi kwa ushahidi huo hushika grinda na kufukua mpaka aione, na mara nyingi hufikia mzizi uliokuwa mzima kabisa. Ninapomwambia kwamba kasoro ina urefu wa milimita 30 na iko kati ya milimita 4 na 6 kutoka uso wa nje, anajua wapi pa kuanzia na wapi pa kusimama. Kwa maoni yangu, faida hii peke yake inatosha kuhalalisha gharama ya kifaa.

Pia kuna kasoro ambazo miale huzipita bila kuacha alama ya kuaminika. Chuma cha weldi kisiposhikana na ukingo wa bomba, hubaki mwanya mwembamba kama karatasi uliolala kwenye mteremko wa ukingo, na miale ikiupita kimshazari filamu haipati tofauti ya weusi ya kutosha. Kwa sauti hali ni kinyume. Ukingo ukiwa umechongwa kwa digrii 30, wimbi la digrii 60 likishagonga ukuta wa ndani na kuanza kupanda hukutana na mteremko huo uso kwa uso, na mwangwi wake hurudi ukiwa mkali, usio na ubishi. Matundu ya hewa, kwa upande wake, hutawanya sauti kwa sababu ya umbo la duara, kwa hiyo mwangwi wake huwa hafifu kuliko ukubwa wake halisi. Hapo filamu bado inashinda.

Maandalizi ndiyo yanayochosha. Matone ya chuma yaliyoganda pembeni mwa mshono lazima yaondolewe, kwa sababu probu ikiinuka hata kidogo, hewa inayoingia chini yake hurudisha karibu sauti yote, na jeli tunayopaka kati ya probu na chuma haiwezi kuziba pengo la namna hiyo. Kwenye ukuta wa milimita 12, probu ya digrii 70 inahitaji kurudi nyuma takriban milimita 66 ili kufikia sehemu ya juu ya mshono, kwa hiyo upana unaosafishwa kila upande si mdogo. Kabla ya kuanza, pembe na umbali huthibitishwa kwenye bloku ya V1, kipande cha chuma cha kupimia chenye vipimo vinavyojulikana, ambacho kina mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 100. Mimi hurudia uthibitisho huo bomba linapokuwa limepata jua kali, kwa kuwa joto hupunguza kasi ya sauti ndani ya plastiki ya probu na kuongeza pembe inayoingia kwenye chuma.

Sehemu inayompima mkaguzi hasa ni mzizi. Kwenye ukuta huo wa milimita 12, wimbi la digrii 60 hufika chini baada ya kusafiri milimita 24, na hapo skrini huonyesha mwangwi karibu kila mara, iwe weldi ni nzima au mbovu. Mzizi uliojitokeza kwa ndani kwa kawaida hutoa mwangwi kwenye umbali unaozidi kidogo milimita 24, na ukiupima kutoka pande zote mbili, kila upande huuweka ng'ambo ya mstari wa katikati. Ufa hubaki mahali pale pale kutoka pande zote. Mabomba yaliyounganishwa bila kukaa sawa huleta mwangwi mkubwa kutoka upande mmoja tu. Mashine haikutolei uamuzi huu, hata iwe na rangi nzuri kiasi gani, na ndiyo maana sipendi matangazo yanayoiuza kana kwamba yeyote anaweza kuishika.

Usalama hauna mjadala mrefu: hakuna iridiamu-192, chanzo cha mionzi cha kupigia picha za gama, hakuna eneo la kufungwa, mafundi wengine wanaendelea na kazi kando yako. Kumbukumbu nazo zinategemea kifaa. Kile cha kawaida kiliniachia maandishi yangu tu, ilhali hiki cha elementi 32, chenye kipima mwendo wa probu, huhifadhi data ya mzunguko mzima, na fundi akibisha tunaifungua tena na kuitazama pamoja.

Kwa mabomba membamba, yaani yenye ukuta mwembamba, ninakuwa mwangalifu zaidi. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi wa weldi kwa ultrasoniki, ISO 17640, kimeandikwa kwa ajili ya unene wa kuanzia milimita 8, na ISO 13588, kinachohusu probu za elementi nyingi, kuanzia milimita 6. Chini ya hapo miangwi ya mzizi na ya uso hubanana mno. Weldi za chuma kisichoshika kutu zina chembe kubwa zinazotawanya na kupindisha wimbi, na skrini hujaa kelele. Nimepata nafuu kwa mawimbi ya mgandamizo ya megahezi 2 badala ya probu yangu ya kawaida ya megahezi 5, ingawa kasoro ndogo hupotea kirahisi zaidi. Mabomba membamba bado nayapeleka kwenye filamu.