Makumbusho ya Ankara, ukumbi wa Çatalhöyük usiuruke

Wadau, kama upo Uturuki pitieni Makumbusho ya Ustaarabu wa Anatolia pale Ankara, vitu vya Çatalhöyük (makazi ya kale sana hukohuko Uturuki) peke yake vinalipa kiingilio. Watu wa Çatalhöyük walikua wakulima miaka kama 9,000 iliyopita, nyumba zimebanana balaa, unashuka ndani kwa ngazi kutokea paani, halafu ukutani fahali mkubwaaa mwekundu kazungukwa na vijitu vidogo vidogo. Kuta walikua wanazipiga lipu upya kila mara na maiti za watu wao wanazika humohumo chini ya sakafu, so mi naona michoro haikua pambo tu, ilikua inashikilia ukoo na nyumba yao. Ila muongozaji tuliyemkodi nje alikua anatukimbiza tu, bora muende wenyewe.