Kambi ya ngoma: mratibu sifuri, jikoni mia kwa mia

Watu wananiuliza kwa nini mpiga gitaa wa bendi kama mimi naichangia ile kambi ya ngoma na muziki kule kando ya ziwa, ukishapita Igombe, huku Mwanza, wakati nikiisema naisema vibaya. Kweli naisema vibaya. Likizo moja ya Desemba nilitoka pale nimeapa sitatoa tena hata shilingi mia.

Ada, ratiba na mahali pa kulala waulizeni wenyewe. Mimi nina mtu mmoja wa kumsema: mratibu. Kijana mwenye filimbi shingoni, kitambulisho kifuani kama sinia, na simu mbili zisizoisha kuita.

Usiku ule ilinyesha mvua ya upepo, ile inayotoka ziwani ikaingia mpaka barazani. Na ngoma zilikuwa barazani, kwa amri yake, kwa sababu stoo ilijaa maspika na viti vya plastiki. Viti vya plastiki vimelala ndani, ngoma za ngozi nje! Asubuhi zote zimelegea. Ukipiga unasikia "bwe". Hazijaharibika. Ngozi ya ng'ombe ikinywa unyevu inalala, na dawa yake ni moto. Unailaza ngoma mbali kidogo na mwali, unaizungusha, unagonga, unasikiliza, sauti inapanda taratibu. Ukiharakisha, ngozi inapasuka. Mzee wetu, manju, yaani kiongozi wa ngoma na nyimbo, kutoka upande wa Kisesa, alishaomba kuni kavu jikoni na kuwasha. Watoto wamemzunguka kimya. Hilo tu lilikuwa somo tosha la asubuhi nzima.

Kijana akaja. Shikamoo hakuna. "We mzee, zima huo moto. Hapa siyo shambani kwenu, kuna wageni wanakuja."

Jamani, mzee anayeweza kumzaa baba yake! Mzee akasema tu, "Haya, baba," akachukua maji akamwaga. Mimi ndiye nilishindwa kunyamaza. Nikamuuliza, ndugu yangu, sasa ngoma zitaliaje? Akanijibu huku anabonyeza simu: "Kuna spika. Zina besi kuliko hizo."

Besi kuliko hizo. Kuanzia hapo sikuona jema. Uji ulinuka moshi, mkeka ulijaa mchanga, chai ilikuwa na sukari ya kutosha lakini nayo ilinichukiza. Hata ziwa niliona limechafuka makusudi.

Ngoja nieleze kwa nini neno lile lilinichoma. Kazi yangu ni harusi na baa, Mwanza mjini na pembeni. Kwenye harusi, MC akipiga kelele "Wasukuma mko wapi?", mpiga kinanda anabonyeza kitufe. Mdundo unatoka, ni uleule kwa bibi harusi na kwa bibi yake. Mama wa watu anainuka na jembe mkononi acheze bugobogobo, anataka mdundo umfuate, kitufe hakina habari naye. Bugobogobo ni ngoma ya shambani. Ilipigwa ili majembe yashuke pamoja, na mpigaji alikuwa anawatazama wanaolima. Akiona wamechoka anajua la kufanya. Mtu anajifunza hilo kwa kukaa miguuni pa mzee mpaka mikono yake ielewe, na kwenye kambi ile mtoto wa mvuvi anakaa hapo bila kushindanishwa, bila jaji wa kumwambia hana kipaji arudi nyumbani. Sasa anakuja mtu na filimbi anasema habari za besi!

Kilichookoa siku hakikuwa kwenye ratiba. Mama mmoja wa jikoni alikuwa amesikia yote. Akatoka na mwiko wake, akasema, "Babu, leta huku hizo ngoma. Moto wangu hauombi ruhusa kwa mtu."

Basi ngoma zikapangwa kuzunguka mafiga, katikati ya sufuria ya maharage na kikaango cha dagaa. Watoto wakapewa kila mmoja ngoma yake ya kuangalia. Kuna kabinti kadogo kaligonga, kakatega sikio, kakasema, "Babu, hii bado imelala." Na kweli ilikuwa imelala! Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mimi nina watu wazima ninaowalipa kwa usiku ambao hawasikii hivyo.

Zilipoamka, mzee akaanza palepale nyuma ya jikoni. Kijana naye akafungulia spika zake uwanjani. Ngoma mbili kwa wakati mmoja! Aliyekulia Usukumani anajua maana yake. Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, hivyo ndivyo wanavyoshindana tangu enzi za wazee: kila upande unacheza kwenye uwanja wake saa ileile, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mpaka leo wanafanya hivyo kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora, Kisesa, mwezi wa Juni, mahali ambapo Padre David Clement, Mkanada yule, alijenga makumbusho ya Wasukuma. Wanasema mamanju wa zamani walikuwa na dawa za kuvuta watu. Sisi siku ile dawa yetu ilikuwa harufu ya dagaa.

Watu wakaanza kusogea. Kwanza watoto, kisha wapika chapati, kisha wavuvi waliokuwa wanakunja nyavu. Mwisho wageni wenyewe, wale waliofanya moto uzimwe, wakaja na viatu vyao vya kisigino kwenye majivu. Kijana akabaki na maikrofoni: "Washiriki wote rudini uwanjani. Washiriki wote." Sikumwonea huruma hata kidogo. Hapo ningeulizwa, ningeipa kambi nyota tano na kuongeza ya sita kutoka mfukoni.

Lakini siku ya kufunga hasira ikanirudia. Vyeti vikagawiwa, akashukuriwa mwenye spika, akashukuriwa mwenye hema, mzee hakutajwa. Nauli yake akaambiwa "njoo kesho". Kesho wapi, na kambi imeshafungwa? Tukachangishana palepale, wengine elfu moja moja, akapanda gari akaenda zake akiwa anatania kama hakuna kilichotokea. Nyota moja. Labda mbili, kwa ajili ya dagaa.

Halafu nikifika mtaani kwetu nakuta watoto wawili niliowapeleka wanagonga ndoo ukutani, mmoja anaita, mwingine anaitika, na hawagongani. Sasa hapo mimi nifanye nini?

Kwa hiyo mpeleke mwanao, mwambie tu akae karibu na jikoni. Mimi bado natoa, ila kwa mratibu haipiti hata senti. Nauli ya mzee naituma kwenye simu yake kabla hajatoka nyumbani. Kuni zinashushwa mlangoni kwa yule mama, na turubai la kufunikia ngoma nimemkabidhi yeye, nikamwambia yule mwenye filimbi asiazimwe hata mvua ikimnyeshea.