Nimeagiza pikipiki mpya Dubai mpaka Pemba, kodi na gharama nilizolipa hizi hapa

Assalaam alaykum jamani, watu wengi wananiuliza hii pikipiki yangu ya YBR nimeiletaje na imenila ngapi mpaka kufika Konde huku Pemba, basi naandika yote hapa mana kueleza mmoja mmoja nachoka.

Msimu wa karafuu ulikuwa mzuri kwangu alhamdulillah, nikasema safari hii sinunui tena chombo kilichochoka na mtu mwengine. Nikaagiza Yamaha YBR 125 mpya kabisa, ndani ya kasha lake, kwa muuzaji wa Dubai. Pikipiki dola 1,700, nauli ya meli 260, bima ya safari 40, jumla 2,000. Hiyo 2,000 ndo wanayoita CIF na ndo inayopigiwa kodi, sio ile 1,700 ya muuzaji, na hapa ndo watu wanapokosea, wanapiga hesabu kwa bei ya dukani wakifika bandarini wanaona wameonewa.

Sasa kodi yenyewe. Ushuru wa forodha asilimia 25, hii ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki sio ya Zanzibar peke yake, kwa hiyo nikapigiwa 500. Halafu VAT, huku kwetu 15, bara 18, lakini haipigwi kwenye ile 2,000, kwanza unajumlisha ushuru inakuwa 2,500 halafu ndo unatoa 15 yake, ikatoka 375. Kodi zote 875. Mie mwanzo nlichukua 25 na 15 nikaweka 40 kichwani, nikatenga 800, kumbe ukipiga vizuri inakaribia 44. Kadirio linakuja kwa shilingi kwa reti ya forodha, unapewa kontrol namba unalipa benki, risiti yako mkononi. Upande huu sina lalamiko hata moja, ukijua namna inavyopigwa unaweza kuipiga mwenyewe usiku nyumbani kabla hujatuma hata senti.

Yule muuzaji alitaka kuniandikia invoisi ya 900 eti ushuru ushuke. Nikamwambia hapana, andika nilicholipa. Kwanza ni uongo, pili forodha wanazo bei za vitu hivi, wakiitilia shaka karatasi yako wanakukadiria wao na faini inaweza kukufata, tatu kasha likizama baharini bima italipa 900 yako hiyo hiyo. Na hati ya benki niliyomtumia pesa niliichapisha nikaiweka kwenye faili, nilipoulizwa bei nikaitoa hapo hapo.

Kilichoniuma mie sio kodi, ni hawa waliosafirisha. Mzigo wangu ulikuwa wa kichele, kontena la kuchangia na watu, na ile nauli ya 260 niliiona rahisi nikafurahi. Kontena lilivyofika bandari ya Malindi, Unguja, nikaletewa bili nyengine ya dola 230, kushusha, kufungua kontena, karatasi, ghala, vitu ambavyo huko Dubai hakuna aliyenitajia hata kimoja. Nikapiga simu wakanambia "hizo ni za upande wa huko". Sawa, lakini walizijua toka mwanzo, na mtu hapewi mzigo mpaka alipe, utafanya nini? Nlilipa huku nimekasirika kweli kweli. Kwa hiyo ukiulizia nauli usikubali bei moja, mwambie akuandikie na gharama za kufikia Unguja, kimoja kimoja, kwa maandishi.

Halafu likaja la namba ya fremu. Namba kamili inakuwa na herufi na tarakimu 17, kwenye invoisi muuzaji kaandika 16, kasahau sifuri moja katikati, na kwenye BL, ile hati ya mzigo ya meli, ikanakiliwa hivyo hivyo. Siku ya uhakiki wa forodha tulifungua kasha, shingo ya pikipiki imepakwa nta nzito ya kuzuia kutu, namba haisomeki, ikabidi nifute kwa kitambaa huku wakala wangu ananimulikia kwa simu, afisa wa forodha anasoma moja moja, akafika kwenye sifuri akasita akatazama karatasi. Nikajua hapo mambo yamesimama. Siku sita kurekebisha karatasi, na ghala inahesabu, dola 45 zikaenda. Yule afisa alifanya kazi yake, kosa ni la muuzaji, na langu pia mana alinitumia picha ya fremu toka mwanzo na mie sikuilinganisha na invoisi.

Wakala wangu wa kugomboa alichukua 120 na ilikuwa halali yake, Mungu ampe kheri, alinitajia bei siku ya kwanza na haikubadilika, na TIN yangu, namba ya mlipakodi, ilikuwa na tatizo akanielekeza bila kudai cha zaidi.

Jumla mpaka kutoka getini dola 3,270. Hapo bado meli ya kwenda Mkoani, bado usajili wa ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, na kibao cha namba ya Z, bado bima ya barabarani, na fundi mana inakuja tairi la mbele limetolewa, usukani umelala pembeni, betri kavu haina maji, oili utie wewe.

Muuzaji nampa 3 kwa 5, pikipiki ni mpya kweli, kilomita sifuri. Wakala 5. Waliosafirisha 1, siwarudii tena.

Chombo chenyewe nimekipandisha vilima vyote kutoka Mkoani mpaka Konde na gunia nyuma, hakijanung'unika. Kaka yangu wa Wete anataka na yeye aagize, nimemwambia alete kwanza invoisi na picha ya fremu tukae tuzisome pamoja.